Robert Koch: Kutoka kimelea cha kipindupindu hadi kupe wa Kwai

KWAI, katika milima ya Usambara Magharibi wilayani Lushoto, hufahamika zaidi kwa baridi na mboga. Wachache wanajua kuwa kati ya 1897 na 1898 mahali hapo palifanyika jaribio la mmoja wa madaktari mashuhuri duniani, Robert Koch, aliyekuwa ameionyesha dunia kimelea cha kipindupindu.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1866 na mwaka huohuo, akiwa msaidizi hospitalini mjini Hamburg, akakutana na kipindupindu uso kwa uso. Wakati huo waganga wengi waliamini kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa chafu.

Akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo, alitumia darubini nyumbani kwake na mwaka 1876 akathibitisha kimelea cha kimeta. Machi 24, 1882 alitangaza kimelea cha kifua kikuu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Mwaka 1883 kipindupindu kilipolipuka Misri, Koch alitumwa Alexandria. Ujumbe wa Ufaransa nao ulikuwa huko, na mmoja wa wanasayansi wake, Louis Thuillier, alifariki kwa ugonjwa huohuo aliokuwa akiuchunguza. Koch akasonga mbele hadi Calcutta, India, na mwanzoni mwa 1884 akatoa taarifa kuwa amekipata kimelea, bakteria aliyejipinda mfano wa mkato. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekiona mwaka 1854, lakini hakusikilizwa.

Huko Calcutta, Koch alikikuta kimelea hicho pia katika bwawa. Nguo za wagonjwa zilifuliwa humo, na watu wa jirani waliyanywa maji yaleyale.

Mwaka 1892 Hamburg ilishambuliwa tena na zaidi ya watu 8,000 wakafa. Altona, mji uliopakana nayo na kutumia maji ya mto uleule wa Elbe, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Tofauti ni kuwa Altona ilichuja maji yake kwa mchanga.

Kufuatilia njia ya ugonjwa ndiko kulikomfikisha Usambara. Alipowasili Dar es Salaam mwaka 1897, alikuta ng'ombe wa pwani wakiugua homa ya kupe. Kupe wachanga waliozaliwa na kupe wa ng'ombe wagonjwa walipelekwa Kwai, kwenye shamba la majaribio la serikali ya Kijerumani, ambako ugonjwa huo haukuwapo. Walipowekwa juu ya ng'ombe wazima, ng'ombe hao wakaugua. Jaribio hilo lilithibitisha yale ambayo Theobald Smith na mwenzake Kilborne walikuwa wameyaonyesha Marekani mwaka 1893.

Hata hivyo, maisha yake yana doa. Mwaka 1906 na 1907 aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa ya atoksili yenye arseniki. Baadhi yao walipofuka macho na hawakuona tena.

Koch alifariki Mei 27, 1910 mjini Baden-Baden, bila kuacha tiba ya kipindupindu. Nafuu kubwa ilikuja baadaye, ilipodhihirika katika miaka ya 1960 kuwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi huokoa maisha ya mgonjwa anayeharisha.

Kwa mtoto mchanga nafuu hiyo haisubiri. Mwili wake una akiba ndogo ya maji, na kuhara kunakosababishwa na bakteria kunaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Mahali ambapo kipindupindu kimeota mizizi, watoto wadogo ndio huathirika zaidi.

Tanzania inaufahamu uchungu huo. Mwaka 1997 pekee wagonjwa 40,249 waliripotiwa na watu 2,231 wakapoteza maisha, zaidi ya karne moja baada ya chanzo na njia ya ugonjwa kujulikana.

Kimelea alichokiona Koch hakijabadili njia yake. Bado hutoka chooni, huingia kwenye maji, kisha hufika kwenye kikombe cha mtoto. Choo bora, sabuni na maji yaliyochemshwa ndivyo vinavyoikata njia hiyo.