Marie Curie na Jiwe Jeusi

Tarehe 7 Novemba, 1867, mtoto wa kike alizaliwa katika mji wa Warsaw, nchini Polandi. Wazazi wake walimwita Maria. Yeye alikuwa kitinda mimba; mbele yake walikuwapo dada watatu na kaka mmoja. Baba yake, Bwana Skłodowski, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Mama yake alipata kuwa mkuu wa shule ya wasichana, lakini alifariki kwa kifua kikuu Maria alipokuwa na umri wa miaka 10 tu.

Wakati huo Wapolandi hawakujitawala. Mji wa Warsaw ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Walimu wengine walifundisha historia ya nchi yao kwa siri, na mkaguzi alipokaribia vitabu vilifichwa upesi. Watawala walikuwa wamefuta pia mafunzo ya maabara katika shule za Wapolandi. Kwa hiyo baba yake Maria alivichukua baadhi ya vyombo vya kupimia akavileta nyumbani. Hivyo ndivyo Maria alivyoanza kuvijua vyombo vya fizikia.

Mwaka 1883 Maria alimaliza shule ya sekondari, akatunukiwa nishani ya dhahabu. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake, hata wale walioshinda kila mtihani. Yeye na dada yake Bronia walijiunga na masomo ya siri yaliyoitwa Chuo Kinachoruka, kwa sababu yalihama nyumba hadi nyumba ili polisi wasiyagundue. Lakini masomo hayo hayakutosha.

Basi dada hao wawili wakapatana. Bronia angetangulia kwenda Paris, nchini Ufaransa, kusomea udaktari, naye Maria angefanya kazi na kumpelekea fedha. Bronia akishahitimu, angemsaidia Maria. Maria akaenda shamba kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya tajiri mmoja. Mchana alifundisha, na usiku alijisomea vitabu vya fizikia na hisabati peke yake. Aliwafundisha pia watoto wa wakulima kusoma na kuandika Kipolandi, ingawa angalikamatwa angaliadhibiwa. Miaka ilipita namna hiyo. Ni mwaka 1891 ndipo zamu yake ilipofika, naye akapanda gari la moshi kwenda Paris.

Huko aliingia Chuo Kikuu cha Sorbonne, akaandikisha jina lake kwa Kifaransa, Marie. Alikodi chumba kidogo juu kabisa ya nyumba, chini ya paa. Wakati wa baridi alilala akiwa amejifunika nguo zake zote. Mara nyingi alikula mkate na chai tu, na siku moja alizimia kwa njaa. Mwaka 1893 matokeo ya mtihani wa shahada ya fizikia yalipotangazwa, Marie alikuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata alipata shahada ya hisabati, akawa wa pili.

Mwaka 1895 Marie aliolewa na Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia. Mwaka 1897 walipata mtoto wa kwanza, Irène, na mwaka huohuo Marie akaanza kutafuta jambo la kuchunguza kwa ajili ya shahada ya udaktari.

Mwaka 1896 Henri Becquerel alikuwa amegundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Wataalamu wengi hawakulitilia maanani jambo hilo. Marie alilichagua. Utakumbuka kwamba kwa kawaida hewa haipitishi umeme. Mionzi ya urani huifanya hewa ipitishe umeme kidogo sana. Pierre na kaka yake walikuwa wamebuni chombo cha kupima umeme mdogo namna hiyo, na Marie akakitumia kupima nguvu ya mionzi ya madini mbalimbali, moja baada ya jingine.

Aliona kwamba nguvu ya mionzi ilitegemea kiasi cha urani kilichomo. Urani ikiwa nyingi, mionzi ni mikali. Ikiwa kidogo, mionzi ni hafifu. Ndipo alipolipima jiwe moja jeusi na zito, ambalo ndani yake mna urani. Mionzi ya jiwe hilo ilikuwa mikali kuliko ya urani tupu! Fikiri mtu aliyetia pilipili moja katika sufuria ya mchuzi, kisha akauonja akakuta ni mkali kuliko pilipili yenyewe. Marie alidhani amekosea. Akapima tena, na tena. Jibu likawa lilelile. Basi akasema kwamba ndani ya jiwe hilo lazima mna kitu kingine, elementi ambayo hakuna mtu aliyepata kuiona.

Huenda katika darasa lako wamo wasichana wanaodhani kwamba fizikia ni somo la wavulana. Na watazame tena hatua hiyo. Chombo hakikujua kama anayekitumia ni mwanamume au mwanamke. Kilichotakiwa ni kupima sawasawa, na kutoliogopa jibu lisilotazamiwa.

Pierre aliacha uchunguzi wake mwenyewe akajiunga na mkewe. Mwezi wa Julai, 1898, walitangaza elementi mpya, nayo Marie akaipa jina la poloni kwa heshima ya nchi yake iliyotawaliwa. Desemba wakatangaza ya pili, radiamu.

Wanakemia wengine walitaka kuiona radiamu yenyewe. Kazi hiyo ilifanyika katika banda kuukuu ambalo paa lake lilivuja. Makapi ya jiwe jeusi yaliletwa kutoka migodi ya Austria, kwa tani. Marie alichemsha hadi kilo 20 kwa mara moja, akikoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu karibu sawa na kimo chake. Jioni mikono ilimlegea kwa uchovu. Wakati mwingine yeye na Pierre walirudi bandani usiku, wakavikuta vichupa vyao viking'aa gizani kwa mwanga hafifu. Mwaka 1902, baada ya kazi ya karibu miaka minne, Marie alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Huo ni uzito wa punje nne au tano za mchele.

Mwaka 1903 Becquerel na Pierre walipendekezwa kupewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Jina la Marie halikutajwa. Pierre alipopata habari aliandika barua kueleza kwamba haifai kumwacha aliyeianza kazi hiyo, na tuzo ikatolewa kwa watu watatu. Marie akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli. Radiamu ilikuwa na thamani kubwa sana, lakini Marie na Pierre hawakudai malipo kwa kuwafundisha wengine namna ya kuipata.

Tarehe 19 Aprili, 1906, siku ya mvua, Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Watoto walikuwa wawili, na mdogo, Ève, alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Sorbonne ikampa Marie kazi ya mumewe; kabla yake hakuna mwanamke aliyepata kufundisha pale. Siku ya somo lake la kwanza ukumbi ulijaa watu waliotaka kumwona akilia. Marie aliingia, akaendelea na somo palepale Pierre alipokuwa ameishia.

Mwezi wa Januari, 1911, Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilikataa kumchagua kuwa mwanachama, akashindwa kwa kura chache tu. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Hata leo hakuna mtu mwingine aliyepata tuzo hiyo katika sayansi mbili tofauti.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, madaktari walihitaji kujua risasi zilikaa wapi mwilini mwa majeruhi. Marie alitafuta magari, akayatia mitambo ya eksirei iliyopata umeme kwa nguvu ya injini, akajifunza kuendesha. Magari hayo yalikuwa kama 20. Aliwafundisha wanawake wapatao 150 kuitumia mitambo hiyo, na Irène, aliyekuwa na umri wa miaka 16 vita vilipoanza, alifuatana naye.

Mionzi huponya na mionzi hudhuru. Siku zile hatari yake haikujulikana vizuri, na Marie alibeba vichupa vya radiamu mfukoni. Alifariki tarehe 4 Julai, 1934, kwa ugonjwa wa damu unaoaminika kuwa ulisababishwa na mionzi. Madaftari yake bado yanatoa mionzi, nayo huhifadhiwa ndani ya makasha yenye risasi, yaani ile metali nzito. Ndiyo sababu hospitalini mpiga picha za eksirei husimama nyuma ya kinga.

Mwaka 1935 Irène na mumewe walipata Tuzo ya Nobeli ya kemia. Akademia ilimkataa Irène pia. Mwaka 1962 ndipo ilipomchagua mwanamke kwa mara ya kwanza. Jina lake lilikuwa Marguerite Perey, mgunduzi wa elementi ya fransi. Yeye alianza kazi mwaka 1929, akiwa msichana wa miaka 19, kama msaidizi katika maabara ya Marie Curie.