Nyayo Alizozikataa Johnston

Wiki mbili zilizopita pale hosteli tulikesha tukibishana kuhusu Bigfoot, lile jitu la manyoya ambalo Wamarekani wanalitafuta kwenye misitu yao ya magharibi. Jamaa wa chumba cha jirani akatoa hoja aliyodhani inafunga mjadala: mnaokanusha mtaaibika, kama wazungu walivyoaibika kwa okapi. Hoja yenyewe si yake. Chama cha kimataifa cha watafuta viumbe wa namna hii, kilichoanzishwa 1982, kilimweka okapi kwenye nembo yake kabisa.

Kesho yake nikaenda maktaba kumhakiki. Nikajikuta nasoma maisha ya Harry Johnston, na tangu siku hiyo sina raha.

Johnston wengi tunamjua kwa sababu ya mitihani: ndiye Mwingereza aliyesimamia Mkataba wa Buganda wa 1900, ule wa ardhi za maili na kodi ya kibanda. Hayo nawaachia watu wa historia, maana yana mambo mengi na mengine machungu. Alizaliwa London 1858, akasomea uchoraji, mwaka 1884 akawa Kilimanjaro akikusanya mimea na wanyama, na uzeeni akaandika kazi kubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu. Alikuwa mtu wa kila kitu, bwana.

Kilichomkaa moyoni ni mistari michache ya Stanley, katika kitabu cha 1890, kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wanamjua mnyama kama punda na humnasa kwenye mashimo. Punda, ndani ya msitu mnene namna ile? Johnston alikuwa na Stanley kabla ya kuja Uganda 1899 na akamuuliza zaidi.

Bahati ikamjia kwa njia mbaya. Mjerumani mmoja alikuwa amewabeba watu wa msitu ule awapeleke Paris kuwa maonyesho, kwenye yale Maonyesho makubwa ya 1900. Johnston akawachukua chini ya ulinzi wake, baadaye akawarudisha kwao. Katika muda walioishi naye aliwahoji. Wakamweleza mnyama mwenye umbo kama la nyumbu-punda, mwenye mistari kama punda milia. Hapo kichwa chake kikaamua: ni jamii ya farasi, labda punda milia wa msituni.

Alipofika kwenye ngome ya Wabelgiji ya Mbeni, maofisa walimwambia wanamjua. Wenyeji walikuwa wanakata ngozi yake mikanda, na Johnston akapewa vipande. Kisha wenyeji wakamwingiza msituni kumwonyesha nyayo.

Nyayo zilikuwepo. Zilikuwa za kwato iliyopasuka, kama ya ng'ombe.

Akazikataa. Farasi ana ukwato mmoja mzima, kwa hiyo akaona wenzake wamekosea, hizo ni nyayo za pofu wa msituni au mnyama mwingine wa aina hiyo. Watu waliozaliwa pale, wanaomla mnyama huyo na kuvaa ngozi yake, wanamwonyesha kwa kidole mahali alipopita, naye anawasahihisha! Muda si mrefu homa ikampiga yeye na msafara wake, wakatoka msituni bila kumwona.

Vile vipande vya ngozi vilifika London, na mwanazoolojia Sclater akamtangaza mnyama kama farasi mpya, Equus johnstoni. Baadaye Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa akitumikia serikali ya Kongo, akamtumia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Kuangalia mguu, kumbe kwato imepasuka. Mafuvu yakaonyesha ndugu wa twiga. Mwaka 1901 Lankester akabadilisha jina likawa Okapia johnstoni, na mpaka leo ndilo hilo. Neno okapi limetoka kwa wenyeji, lakini sifa ya ugunduzi haikuwafikia. Johnston alifariki 1927.

Kwa hiyo jirani yangu kakosea. Okapi hakuwa uvumi: kulikuwa na ngozi kiunoni mwa watu, na nyama chunguni. Bigfoot hajaacha hata mfupa mmoja. Tena aliyepotea njia Ituri hakuwa mtu wa kukanusha. Johnston aliamini kweli kweli, ila aliamini mnyama aliyekwisha mchora kichwani.

Sasa kuhusu raha niliyoipoteza. Fildi yangu ya mwaka huu ilihusu kwa nini vijana wa kijiji fulani wanaacha kilimo. Nilikwenda na jibu mfukoni: ardhi haitoshi. Madodoso arobaini, na kwenye sita watu walisema ardhi ipo tele, kinachowakimbiza ni madeni ya pembejeo. Mzee mmoja hata alinitembeza hadi shambani nikaone lilivyolala pori. Nikamshukuru, nikaandika kwamba hakuelewa swali. Yale sita sikuyaingiza kwenye hesabu.

Ripoti inakabidhiwa Ijumaa. Madodoso sita bado yako chini ya godoro, na jana usiku nimeyatoa nikaanza kuyasoma upya. Msimamizi wangu sijamwambia. Itabidi nimwambie kabla gazeti hili halijamfikia.