Mohamed Amin na Njia za Kuizuru Nchi kwa Kamera

Hapana shaka kwamba upigaji picha umekuwa mapenzi makubwa ya vijana wetu wa vyuo na shule za upili. Likizo ifikapo, aliye na nauli hushika njia ya Maasai Mara, ya Lamu au ya Mlima Kenya, simu yenye kamera mkononi, na arudipo huwa na picha mia tano za kuwaonyesha wenzake. Ukimwuliza yule mzee aliyesimama kando ya mashua ni nani, au kile kilima huitwa nani na wenyeji, hana jibu. Amekwenda, ameona, amerudi, lakini hakukutana na mtu. Kwa maoni yangu, tatizo hili ni la elimu, wala si la kamera, na ndiyo sababu ninataka kuwakumbusha walimu na wanafunzi maisha ya mtu mmoja aliyeizuru nchi hii kwa kamera kuliko wengi waliomtangulia na waliomfuata.

Mtu huyo ni Mohamed Amin, ambaye wenzake walizoea kumwita Mo. Alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Bara Hindi, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Angali mtoto, familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu iliyokwisha tumiwa na mwingine. Kamera hiyo ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi, na mwenye kuitumia hakuwa na mengi ya kurekebisha. Ilimbidi asogee karibu, alitafute jua lilipo, asubiri, halafu abonyeze mara moja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Ni shule ngumu, lakini aliyehitimu humo hakuhitaji kufundishwa uvumilivu tena.

Hakungoja kufika mbali ndipo aanze. Alipiga picha za mji ule ule aliokaa, na angali mwanafunzi alianza kuwauzia wenye magazeti picha zake, zikiwamo za mashindano ya magari ya Safari. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini, alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya Camerapix. Miezi michache baadaye, Januari 1964, mapinduzi yalizuka Zanzibar, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomfunza upande wa pili wa kazi yake, kwani mwaka 1966 alikamatwa huko, akawekwa gerezani kwa takriban mwezi mmoja, kisha akafukuzwa na kurejeshwa Kenya. Kuanzia hapo Nairobi ikawa makao yake.

Itakumbukwa kuwa hakuwa Mkenya wa kwanza kuifanya kazi hii ya hatari. Priya Ramrakha, mzaliwa mwenzake wa Nairobi, alikwisha kujipatia jina katika majarida makubwa ya ng'ambo kabla ya kuuawa katika vita vya Biafra mwaka 1968. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi, Amin alifika upesi, na picha alizopiga siku hiyo ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa. Wengi wetu tunaposoma juu ya kifo kile tunaona kwa macho ya Amin bila ya kujua.

Hata hivyo, si misiba inayonifanya nimlete Amin mbele ya wasomaji wa safu hii. Ninamleta kwa ajili ya safari zake ambazo hazikuwa na msiba. Kuna mambo matatu katika safari hizo ambayo kijana yeyote mwenye kamera angepaswa kuyatafakari.

La kwanza ni lugha na mila. Amin alikulia katika miji ya Kiswahili, na alikizungumza kama mwenyeji. Alikuwa pia Mwislamu, na kwa sababu hiyo aliweza kuingia Makka na kupiga picha za hija, mahali ambapo mpiga picha asiye Mwislamu haruhusiwi kukanyaga. Kitabu chake kuhusu hija kilitoka mwaka 1978. Wapo waliokuwa na kamera bora kuliko yake, lakini lango lile lisingefunguliwa kwa kamera. Nami, kama mtu wa isimu, hupenda kuwaeleza wanafunzi wangu jambo dogo kuhusu kitenzi chetu cha kupiga. Waswahili hupiga bunduki, na hupiga picha. Lakini hupiga hodi pia. Mgeni mwenye kamera huchagua mwenyewe ni kupiga kupi atakakoanza nako. Amin, alipokuwa na nafasi, alianza na hodi.

La pili ni njia yenyewe. Mwaka 1981 alitoa kitabu kuhusu Ziwa Turkana na jamii zinazolizunguka: Waturkana wa magharibi, na Warendile, Wagabra, Wasamburu na Waelmolo. Ili kukipata kitabu hicho alisafiri kwa gari kulizunguka ziwa, katika mawe meusi ya volkano, mchanga na upepo usiokoma. Angaliweza kupanda ndege ndogo, akapiga picha za ziwa kutoka juu na kulala Nairobi usiku ule ule. Lakini ndege hukuonyesha umbo la nchi tu; barabara hukulazimisha kuomba maji, kuuliza njia, kulala kwa watu na kungoja tairi lizibwe. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

La tatu ni wenzi wa safari. Vitabu vyake vikubwa vya kuizuru nchi, kile cha Kenya cha mwaka 1982 na kile cha Tanzania cha mwaka 1984, havikuwa kazi ya mtu mmoja. Duncan Willetts alipiga picha pamoja naye, na Brian Tetley aliandika maelezo ya kile cha Kenya. Amin alifahamu kwamba picha isiyo na maneno ni nusu ya habari. Wanafunzi wetu, ambao huenda safari sita kwa pamoja na wote sita wakapiga picha ya twiga yule yule, wangeweza kugawana kazi: huyu apige, yule aulize, mwingine aandike.

Baada ya hayo ndipo ilipokuja Korem. Mwezi Oktoba 1984, baada ya kuhangaikia vibali kwa wakuu wa serikali ya Ethiopia, Amin alifika katika nyanda za juu za kaskazini pamoja na Michael Buerk wa BBC, wakakuta maelfu ya watu wamekusanyika wakingoja chakula ambacho hakikuwapo. Filamu aliyoipiga ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, kisha ikazagaa ulimwenguni kote. Kutokana nayo wanamuziki walikusanyika, mamilioni ya pesa yakachangwa, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya London na Philadelphia. Si rahisi kutaja filamu nyingine ya habari iliyopigwa na Mwafrika ambayo iliokoa maisha mengi kiasi hicho.

Pamoja na kumsifu, yatupasa tuseme kweli yote. Watu wale wa Korem walizunguka dunia nzima bila majina. Mtazamaji wa Ulaya aliona njaa. Hakumwona mkulima fulani wa kijiji fulani, baba wa watoto fulani. Tangu hapo, kwa miaka mingi, bara letu lilijulikana kwa sura ile moja. Simlaumu Amin, kwani katika uwanja wa mauti mtu hawezi kuketi na daftari akaandika majina ya wanaokufa. Lakini namna dunia ilivyoipokea kazi yake inatufunza kwamba picha pekee haina nomino. Yasipotajwa majina, mwenye kutazama hujaza pengo kwa jina alilonalo tayari, na kwa Afrika jina hilo aghalabu halikuwa zuri.

Gharama ya maisha hayo ilikuwa kubwa. Mwezi Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa, na Amin mwenyewe akapoteza mkono wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Alitafuta mkono wa bandia, akajifunza upya kuishika kamera, akarudi kazini. Nyumbani nako kulikuwa na deni. Mwanawe Salim, katika filamu aliyoitoa mwaka 2006 kuhusu baba yake, ameonyesha wazi kwamba mtu aliyekuwa kila mahali hakuwa nyumbani mara nyingi. Anayemwiga Amin na alipime hilo pia.

Tarehe 23 Novemba 1996, akitoka Addis Ababa kurudi Nairobi, ndege ya shirika la Ethiopia aliyokuwamo ilitekwa nyara na watu watatu waliotaka kupelekwa Australia. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, naye Amin na Brian Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Sasa niseme kwa nini maisha haya yananigusa mimi, mtu wa Kiritiri. Kwetu Mbeere ni nchi ya ukame, ya mbuzi, mtama, pojo, nyuki na muguka. Mgeni mwenye kamera hupita kando akienda Meru kutafuta wanyama, au mlimani kutafuta theluji. Nasi wenyewe tumeamini kwamba kwetu hakuna cha kupigwa picha. Lakini katika miaka ile ile ambayo Amin alikuwa akizunguka nchi, bonde letu la mto Tana lilibadilika lisiweze kurudi lilivyokuwa. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Nchi ilipata umeme. Chini ya maji yale yalibaki mashamba, malisho, vivuko na makaburi, na kila mojawapo ya mahali hapo palikuwa na jina lake katika Kimbeere. Katika ukoo wetu hakuna picha hata moja ya bonde lile kabla ya maji. Yapo majina machache tu, vinywani mwa wazee ambao idadi yao hupungua kila mwaka. Mahali pakizama, jina hubaki likielea kwa muda, halafu nalo huzama.

Hasara ya namna hiyo haikuhitaji mpiga picha mashuhuri ili izuiwe. Ilihitaji mtoto mmoja wa pale mwenye kisanduku kama kile cha Dar es Salaam, na mwalimu wa kumwambia kwamba mlango wa nyumbani kwao ni mahali pa kuanzia safari.

Walimu wenzangu, kamera hizo sasa zimo mikononi mwa watoto wetu. Wapeni kazi ya likizo. Kila mwanafunzi alete picha kumi za mahali anapoishi: kivuko, mti ambao wazee hukutania, mzinga wa nyuki na aliyeuchonga, kilima cha Kiambere kikitazamwa kutoka upande wa kwao. Kila picha iwe na jina la mtu aliyekubali kupigwa, jina la mahali kwa lugha ya wenyeji, tarehe, na sentensi tatu zilizopatikana kwa kuuliza. Nakala moja apewe aliyepigwa, kwani ni haki yake. Nyingine iwekwe katika maktaba ya shule. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na hazina ambayo hakuna mgeni angaliweza kuikusanya, na atakayekuwa amezoea kupiga hodi kijijini kwao hatashindwa kupiga hodi Loiyangalani wala Lamu.