Käthe Kollwitz: Mama Aliyechonga Msiba

Mnamo Septemba 12, 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana mjini Kisii, mwendo mfupi kutoka Keumbu. Yapata siku 40 baadaye, katika vita hivyo hivyo, kijana wa Kijerumani mwenye miaka 18, Peter Kollwitz, aliuawa nchini Ubelgiji. Mamake, Käthe Kollwitz, alikuwa msanii, na maisha yake yanafaa kusomwa na walimu wetu.

Alizaliwa mwaka wa 1867 mjini Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Aliolewa na Karl, daktari aliyewatibu maskini wa Berlin. Sanaa aliyoipenda zaidi ni ya chapa, yaani picha inayochongwa au kuchorwa juu ya shaba, jiwe au ubao, ikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Bamba moja hutoa nakala nyingi, hivyo hata mnyonge aweza kuimiliki picha.

Mwaka wa 1903 alichora mama aliyekumbatia maiti ya mwanawe. Mtoto aliyempakata mbele ya kioo ili amchore alikuwa Peter, wakati huo akiwa na miaka saba. Vita vilipozuka, Peter alihitaji idhini ya babake kujiunga na jeshi. Karl alikataa, Käthe ndiye aliyemshawishi akubali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini huu ulichanganyika na majuto. Hatimaye aliupa umbo katika chapa saba za mbao ziitwazo Vita, zilizotolewa mwaka wa 1923, na katika sanamu za wazazi wawili waliopiga magoti, zilizowekwa makaburini mwaka wa 1932. Wachongaji wa Tabaka wanajua ugumu wa kazi hiyo: kilichokatwa hakirudi.

Mwaka wa 1933 Wanazi walimlazimisha ajiuzulu kutoka Akademia ya Sanaa. Hakunyamaza, kati ya 1934 na 1937 alichora chapa nane za mawe kuhusu mauti. Mwaka wa 1942 mjukuu wake, naye akiitwa Peter, aliuawa vitani. Käthe alifariki Aprili 22, 1945, siku 16 kabla ya vita kwisha Ulaya.

Leo wakusanyaji hununua chapa zake kwa fedha nyingi. Katika biashara hiyo, sahihi ya penseli na uchache wa nakala hupandisha bei. Desturi hiyo ina sababu, kwani bamba huchakaa na nakala za mwanzo huwa bora. Hata hivyo, uhaba wa karatasi haupimi uzito wa msiba. Picha ya majonzi iliyofungiwa kabatini kama hatimiliki imepotezewa kazi yake.

Mwalimu asiye na fedha za mnada asikate tamaa. Ampe mwanafunzi ubao laini, kisu na wino. Naye anayefundisha vita vya 1914 awakumbushe wanafunzi kwamba Kisii nako kulikuwa na akina mama.