Leo Fender: Fundi wa redio aliyeuza jina lake, shepu ikabaki ya mtaa

Riruta Satellite Jumapili asubuhi ni vita ya spika. Kanisa moja iko kwa mabati, ingine iko juu ya kinyozi, na zote ziko na bendi. Kabla usikie pasta anasema nini, besi imeshakugonga kifua. Ukishuka Kawangware usiku mahali kuna rumba ama benga laivu, ni mdundo huohuo. Na ukiangalia ile gitaa ya besi poa, iwe ni orijino ama ni kopi ya bei ya mtumba, shepu karibu zote ni moja: pembe mbili, kiuno, shingo ndefu na nyuzi nne nono.

Hiyo shepu ilitoka kwa msee mmoja wa California mwenye jicho moja, na cha kushangaza, hakuwahi kujua kupiga gitaa. Jina ni Leo Fender. Aliaga 1991 lakini wapenzi wa besi bado wanabishana juu ya kazi zake. Kuna mbogi kubwa duniani inaomba kampuni irudishe zile shepu zake za kitambo zilizoadimika, hasa ile ya kwanza kabisa ya 1951. Shida ni moja. Jina Fender liliacha kuwa mali ya Leo akiwa bado hai. Hiyo ndiyo stori.

Mtoto wa shamba la machungwa

Clarence Leonidas Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909, karibu na mji wa Anaheim. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa, watu wa kawaida tu. Akiwa na miaka 8 alipata uvimbe kwa jicho la kushoto, madaktari wakalitoa, akawekewa jicho la kioo. Hilo jicho ndilo lilifanya jeshi lisimchukue wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Alijaribu piano, akajaribu saksafoni, hazikumshika. Kilichomshika ni redio. Anko wake alikuwa na duka la kutengeneza umeme wa magari, na huko ndiko dogo aliona redio ambayo anko alijiundia mwenyewe. Hapo akili ikaenda. Akaanza kufungua redio na kuzifunga, akirekebishia watu wa mtaa wao.

Shuleni hakusomea umeme. Alisomea uhasibu, akaajiriwa kuandika vitabu vya hesabu. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 30, kazi ikaisha. Badala ya kukaa akilia, mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua kibanda chake mjini Fullerton, akakiita Fender Radio Service. Kama unajua zile duka za kurekebisha simu na woofa kando ya Naivasha Road, mahali fundi ameinama na waya mdomoni, basi unamjua Leo wa 1938.

Fundi asiyejua kupiga

Wateja wake wengine walikuwa wanamuziki. Walileta spika na amplifaya zimeungua, na Leo akizifungua aliona makosa yaleyale kila siku. Akaanza kuunda zake. Wakati wa vita alishirikiana na mwenzake Doc Kauffman kutengeneza gitaa za kulaza mapajani na amplifaya ndogo, halafu 1946 akasimama na kampuni yake mwenyewe.

Mwaka 1950 akatoa gitaa ya umeme ya mbao nzima, isiyo na tumbo wazi ndani. Aliiita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba iko na ngoma zenye jina karibu sawa, Leo akaliacha, gitaa ikawa Telecaster. Kumbuka hiyo ya Broadcaster, tutairudia.

Siri ya Leo ilikuwa moja: aliwaza kama fundi. Gitaa za wakati huo zilikuwa kazi ya maseremala mabingwa, shingo imegundishwa na gundi. Ikivunjika, umelia. Yeye akasema shingo ifungwe na skrubu nne. Ikiharibika, fungua, weka ingine, endelea na shoo. Bodi ikawa ubao uliokatwa flati. Hii ni akili ya jua kali kabisa, kitu kinachotengenezeka.

Na kwa sababu hakujua kupiga, hakujifanya anajua. Alikuwa anawapa wanamuziki gitaa za majaribio waende nazo klabu, kisha anangoja walalamike. Inakwaruza mbavu? Analainisha. Inapiga kelele? Anabadilisha waya. Masikio yake yalikuwa ni watu wengine.

1951: besi inashuka mgongoni

Kabla ya hapo, besi ilikuwa lile dude kubwa kama kabati, unasimama nalo wima. Kusafiri nalo ilikuwa noma, mara nyingi lilifungwa juu ya gari. Na bendi ikipandisha sauti, besi inazama, hakuna anayeisikia. Pia shingo yake haina vile vichuma vya kuonyesha noti iko wapi, kwa hivyo lazima uwe umeiva kweli ndio usiteleze.

Leo akaileta chini hadi saizi ya kuning'inia begani. Urefu wa nyuzi zinazotetemeka ukawa inchi 34, yaani kama sentimita 86, na hadi leo hicho ndicho kipimo cha besi nyingi duniani. Akaweka vichuma kwa shingo ili noti itoke sawasawa bila kukisia, ndiyo maana akaiita Precision Bass. Pia akaunda amplifaya ya kuibeba hiyo sauti nzito.

Ukweli usemwe, hakuwa wa kwanza kabisa. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ameuza besi ya umeme ya kubeba begani tangu miaka ya 30, lakini haikushika. Ya Leo ilishika. Monk Montgomery aliipeleka kwa steji kubwa akiwa na bendi ya jazi ya Lionel Hampton, na wengine wakafuata. Rumba ya Kongo na benga ya kwetu zilipokuwa zinakomaa miaka ya 60 na 70, besi ya umeme ilikuwa ishaingia kwa bendi. Ile mdundo unaofanya mtu wa miaka 70 ainuke kwa kiti kwa harusi, nusu yake ilianzia kwa benchi la fundi wa redio.

Sasa sikia kuhusu ile shepu ya kwanza. Besi ya 1951 ilikuwa ubao flati, kingo kali, kichwa chembamba kama cha Telecaster, na pikapu moja ndogo. Pikapu hapa si gari, ni ile sumaku yenye waya inayoshika mtetemo wa nyuzi. Mwaka 1954 bodi ikachongwa ili isiumize mbavu. Mwaka 1957 kichwa kikawa kipana, pikapu ikakatwa vipande viwili, na hiyo ndiyo Precision unayoona kwa kopi nyingi leo. Ya kwanza iliishi miaka michache tu. Ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana watu wanaitamani. Sting, yule wa bendi ya The Police, anajulikana sana kwa kupiga Precision ya zile za miaka ya 50.

Leo hakuangalia nyuma. 1954 akatoa Stratocaster, 1960 akatoa Jazz Bass. Kwake, ya jana ilikuwa na makosa na ya kesho ndiyo ingekuwa sawa.

Siku jina lilienda

Halafu mwili ukakataa. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na maambukizi ya pua na koo yasiyoisha, akaamini hana siku nyingi. Januari 1965 akauza kampuni kwa CBS, ile kampuni kubwa ya redio na TV, kwa dola milioni 13. Kwa msee aliyeanza na mkopo wa dola 600, hiyo ni kuomoka kwa kishindo.

Lakini angalia kilichouzwa. Si mashine tu, si mbao tu. Jina Fender, lake la kuzaliwa, lilienda pia. Mkataba ukamfunga asishindane nao kwa miaka 10. Baadaye daktari mwingine akampa dawa, na ule ugonjwa uliomfanya auze kila kitu ukapona. Mzee yuko fiti, ako na doh, na hawezi kuunda gitaa yenye jina lake.

CBS ilikuwa inajua biashara ya kutangaza, si ya benchi. Wanamuziki wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka, na hadi leo gitaa za kabla ya 1965 zinauzwa bei ya ploti. Na hapa ndipo ilianza tabia ya kurudisha shepu za zamani: 1968 kampuni ikarudisha ile besi ya kwanza ya ubao flati, ikaiita Telecaster Bass. Miaka minne baadaye ikaibadilisha tena pikapu. Shepu ya Leo iliondoka, ikarudi, ikageuzwa, na uamuzi haukuwa wake tena.

Kuanza upya bila jina

Mzee hakukaa nyumbani kumwagilia maua. Mkataba ulipoisha 1975, akawa rais wa Music Man, kampuni ya watu waliowahi kufanya kazi naye. Mwaka 1976 wakatoa besi ya StingRay, yenye betri ndani ya kuongezea sauti nguvu. Ukisikia besi inayokwaruza tamu kwa nyimbo za disko za wakati huo, mara nyingi ni hiyo.

Huko nako kukaingia migogoro ya biashara. Wakati huohuo mke wake Esther akafariki 1979. Leo, miaka 70, akaanza tena: 1980 kampuni ya G&L ikawa tayari inatoa besi zake, L-1000 na L-2000. Herufi zenyewe ni za George Fullerton, rafiki yake wa miaka mingi, na Leo. Ona hapo. Mwenye jina kubwa kuliko yote kwa hiyo biashara amebaki na herufi moja.

Katikati ya miaka ya 80, G&L ikatoa gitaa ikaiita Broadcaster, lile jina la 1950 ambalo Leo aliliacha. Kampuni ya Fender ikakataa. G&L ikabadilisha, ikaitwa ASAT. Yaani mtu mmoja amenyang'anywa jina moja mara mbili, na mara ya pili aliyemzuia ni kampuni yenye jina lake mwenyewe.

Aliugua Parkinson lakini aliendelea kufika kwa benchi, hadi siku ya mwisho kabla ya kifo chake. Aliaga tarehe 21 Machi 1991, akiwa na miaka 81. Mwaka uliofuata akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, bila kuwahi kujua kupiga gitaa.

Sasa shepu ni ya nani?

Turudi kwa wale wanaongoja kampuni irudishe shepu adimu. Fender iliuzwa na CBS 1985 kwa kikundi cha wafanyakazi wake, na tangu hapo kurudisha za kitambo ni biashara kubwa: wanatoa, wanaacha, wanatoa tena kwa bei ya kukulaza njaa. Ukiwa mpiga besi wa Satellite, unalipwa nauli na soda baada ya ibada, hiyo besi hata ikirudi haikuhusu.

Lakini kuna kitu wengi hawajui. Fender ilijaribu kusajili Marekani shepu za bodi za Stratocaster, Telecaster na Precision ziwe zake peke yake. Machi 2009 jopo la rufaa za alama za biashara likakataa. Sababu: watengenezaji wengi walikuwa wametumia hizo shepu kwa miaka mingi hivi kwamba mtu akiziona anafikiria gitaa tu, hafikirii kampuni moja. Jina likabaki lao. Shepu ya vile vichwa vya gitaa pia. Bodi ikawa ya watu wote.

Na katika bodi zote alizotoa Leo, ile adimu ya 1951 ni kati ya zile rahisi kukata. Haina michongo ya mbavu, haina mikunjo, ni ubao flati wenye pembe mbili. Fundi wa Ngong Road anayekata vitanda na kabati anaweza kuitoa kwa mbao kavu nzuri, mradi umletee vipimo. Shingo unaitoa kwa besi nzee iliyokufa, unaifunga na skrubu nne, unahakikisha ile inchi 34 iko sawa kutoka juu ya shingo hadi daraja, na pikapu moja analehemu yule fundi wako wa woofa. Ukikosea kipimo hata kidogo noti zitateleza, kwa hivyo pima mara tatu, kata mara moja.

Kitu kimoja tu usiweke ni jina Fender kwa kichwa. Hilo liliuzwa 1965, na hata mwenyewe hakulipata tena. Andika lako.