Gary Kildall: Aliyezipa kompyuta ndogo uhai, sifa zikaenda kwingine

ANAYENUNUA vipuri na kujiundia kompyuta hufika mahali ambapo kazi ya bisibisi hukoma. Kichakataji kimekaa, kumbukumbu imechomekwa, diski imefungwa na umeme umeingia, lakini chombo hakijui lolote hadi kiwekewe mfumo endeshi. Hapo ndipo huja swali la mfumo upi uchaguliwe, na kwa gharama gani.

Kwa kompyuta ndogo, swali hilo halikuwa na maana hadi katikati ya miaka ya 1970. Aliyelipa maana ni Gary Arlen Kildall, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 52. Jina lake halivumi kama la Bill Gates, ingawa alitangulia kufika.

Kildall alizaliwa Mei 19, 1942 mjini Seattle, katika familia iliyokuwa na chuo chake cha ubaharia. Babu yake ndiye aliyekianzisha, baba yake akakiendesha, na Gary mwenyewe alifundisha hapo kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington. Alianza na hisabati, kisha akahamia kompyuta.

Utumishi wa jeshi ulimpeleka Monterey, California, kufundisha katika chuo cha uzamili cha Jeshi la Wanamaji. Hakuuacha usomi. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1972, na mwaka uliofuata alitoa andiko kuhusu namna ya kuchambua na kuboresha programu ambalo hadi leo linatajwa katika vitabu vya fani hiyo.

Wakati huo kampuni ya Intel ilikuwa imetoa kichakataji chake cha 4004, mwaka 1971. Wengi walikiona kuwa kifaa cha vikokotoo na mitambo midogo. Kildall alikiona kuwa moyo wa kompyuta ambayo mtu mmoja angeweza kuimiliki. Aliandika programu ya kukiigiza ndani ya kompyuta kubwa ya chuo, akaanza kuifanyia Intel kazi za ushauri, na mwaka 1973 akaiandikia lugha ya PL/M ili wahandisi waachane na kuandika maagizo ya mashine moja baada ya jingine.

Kikwazo kilikuwa mahali pa kuhifadhi kazi. Kanda za karatasi zilizotobolewa zilikuwa za taratibu na zenye kuudhi. Kildall alijipatia kiendeshi cha diski laini ya inchi 8 kutoka kampuni ya Shugart, lakini hakikuwa na saketi ya kukiunganisha na kompyuta. Alijaribu kuiunda akashindwa, ndipo rafiki yake John Torode alipoikamilisha. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Pacific Grove, Kildall aliwasha mfumo aliouandika kwa ajili ya diski hiyo. Aliuita CP/M.

Intel haikuonyesha hamu ya kuuchukua. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni yao iliyokuja kujulikana kama Digital Research. Mume aliandika programu, mke akashika biashara. Mfumo uliuzwa kwa njia ya posta kwa dola 70, na wanunuzi wa mwanzo walikuwa watu waliounda kompyuta zao wenyewe kwa chuma cha kuchomea risasi.

Hatua iliyobadili mambo ilitokana na usumbufu. Kampuni ya IMSAI iliyouza kompyuta za kuunganishwa na mteja ilihitaji CP/M kwa ajili ya diski zake, nazo hazikufanana na zile ambazo Kildall alikuwa amekwisha kuzishughulikia. Kila mtengenezaji mpya alimaanisha kurudi katika programu nzima na kutafuta mistari ya kubadilisha. Kildall alichoka. Akazikusanya sehemu zote zinazogusa vifaa moja kwa moja, yaani kibodi, kioo, printa na diski, akaziweka katika kijisehemu kimoja alichokiita BIOS. Sehemu nyingine zote zikabaki vilevile kwa kila mashine.

Kuanzia hapo, mwenye kompyuta mpya hakulazimika kusubiri mfumo wa mtengenezaji. Aliandika BIOS inayolingana na vifaa vyake, akatumia amri moja kuurekebisha mfumo ulingane na ukubwa wa kumbukumbu, na amri nyingine kuunakili kwenye njia za mwanzo za diski. Mashine ilipowashwa ilisoma njia hizo, kisha ikamwonyesha herufi A na alama ya kungojea amri. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku chache.

Waandishi wa programu nao walinufaika. Programu ya uandishi kama WordStar, au ya kumbukumbu za biashara kama dBase II, haikuhitaji kuandikwa upya kwa kila aina ya kompyuta. Kufikia mwaka 1981, CP/M ilikuwa ikitumika katika aina zipatazo 3,000 za kompyuta, na Digital Research ilikuwa ikiingiza dola milioni 5.4 kwa mwaka.

Kisha ikaja IBM. Mwaka 1980 kampuni hiyo kubwa ilikuwa ikitengeneza kompyuta yake ndogo kwa siri na kwa haraka, na ilihitaji mfumo endeshi. Wajumbe wake walikwenda kwanza kwa Bill Gates wa Microsoft, naye akawaelekeza kwa Kildall.

Walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa safarini. Kutokana na hilo umezuka uvumi ulioishi kuliko yeye mwenyewe, kwamba alikwenda kujiburudisha angani na ndege yake huku bahati ikigonga mlango. Ni kweli kwamba alirusha ndege siku hiyo, lakini alikwenda kumwona mteja. Biashara ilikuwa mikononi mwa Dorothy kama kawaida, na wageni walimtaka atie saini hati ya kutunza siri ambayo iliwabana wenyeji zaidi ya wageni. Alishauriana na mwanasheria, akasita. Yaliyofuata alasiri, Kildall aliporejea, wahusika wameyasimulia kwa namna zinazotofautiana.

Lililo wazi zaidi ni kwamba pande hizo mbili hazikukubaliana kuhusu malipo. IBM ilipendelea kulipa kiasi kimoja na kumaliza, ilhali Digital Research ilizoea kulipwa kwa kila nakala. Aidha, toleo la CP/M kwa kichakataji kipya cha biti 16 lilikuwa limechelewa.

Ucheleweshaji huo ulikuwa umemsukuma Tim Paterson, mhandisi wa kampuni ndogo ya Seattle Computer Products, kuandika mfumo wake uliofuata mwenendo wa CP/M. Microsoft iliupatia leseni, na Julai 1981 ikanunua haki zake zote kwa dola 50,000. Huo ndio uliokuwa MS-DOS, na IBM ikauuza kwa jina la PC DOS.

Kildall alipoutazama aliona kazi yake ndani yake na akatishia kwenda mahakamani. Sheria ya haki miliki ya programu ilikuwa bado changa, na mapatano yakafikiwa: IBM ingeuza pia CP/M-86, na yeye asingeishtaki. Aliamini kwamba mfumo bora ungejitetea wenyewe mbele ya mnunuzi.

Kompyuta ya IBM ilitangazwa Agosti 12, 1981. Mnunuzi alichagua mfumo endeshi na kuulipia kando. PC DOS iliuzwa dola 40. CP/M-86, iliyofika dukani miezi kadhaa baadaye, iliuzwa dola 240. Kwa tofauti hiyo ya bei hapakuwa na ushindani wa kweli, na waandishi wa programu wakafuata walikokwenda wateja.

Kildall hakukaa chini. Kampuni yake ilitoa mifumo iliyoendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, GEM iliyotumia picha na kipanya, na baadaye DR-DOS, mshindani wa Microsoft. Alisaidia kuiweka ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD mwaka 1985, na kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, akieleza kwa upole hata bidhaa za wapinzani wake. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell, naye akatoka akiwa tajiri.

Utajiri huo haukuondoa machungu. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika, unywaji wa pombe ulimzidi, na kila alipokwenda aliulizwa habari za ndege na IBM. Mwaka 1993 aliandika kumbukumbu za maisha yake zilizobaki bila kuchapishwa. Julai 1994 aliumia kichwa akiwa katika baa mjini Monterey, na siku tatu baadaye, Julai 11, akafariki dunia. Alizikwa Seattle.

Heshima ilimjia kwa kuchelewa. Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka kibao cha kumbukumbu nje ya nyumba ya Pacific Grove iliyokuwa makao ya kampuni, na mwaka 2016 Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la California lilitoa hadharani sehemu ya kumbukumbu zake.

Alama yake nyingine haihitaji kibao. Anayeweka Windows kwenye kompyuta mpya huulizwa aiweke kwenye diski ipi, na baada ya hapo diski hiyo huitwa C. Herufi hizo zilitoka CP/M zikaingia DOS, A na B zikiwa za diski laini. Diski laini zimekwisha kutoweka. Herufi zake bado zimeachwa wazi, na wengi wanaoziona hawajui ni nani aliyewafikishia.