Musinga, mwami aliyechorewa mpaka na wageni

Mama anayevuka Petite Barrière alfajiri na beseni la nyanya, kutoka Gisenyi kwenda Goma, anavuka mstari uliokubaliwa Ulaya mwaka 1910. Mwami wa Rwanda wa wakati huo, Yuhi wa Tano Musinga, hakuitwa kwenye mkutano huo. Utawala wake wote ulikuwa mtihani mmoja: namna ya kuishi na mataifa yenye bunduki ilhali yeye hana.

Musinga alizaliwa karibu mwaka 1883. Baba yake, Kigeli wa Nne Rwabugiri, alikuwa mtu wa vita aliyeyashambulia mara nyingi maeneo ya ng'ambo ya Ziwa Kivu, na alifariki mwaka 1895 akiwa katika msafara wa kivita. Rutarindwa alirithi kiti, lakini mwishoni mwa 1896 Kanjogera, mama yake Musinga, na ndugu zake walimpindua huko Rucunshu. Musinga akatawazwa akiwa na umri wa miaka kama 13. Hatamu zilishikwa na mama yake pamoja na mjomba wake, Kabare.

Miezi michache kabla ya mapinduzi hayo, jeshi la Rwanda lilikuwa limepambana na askari wa Kongo ya Mfalme Leopold huko Shangi, kusini mwa Ziwa Kivu. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki, na mashujaa wengi waliangamia. Ikulu haikulisahau somo hilo. Ofisa Mjerumani Ramsay alipofika Machi 1897, alipokewa vizuri, na ikulu ikakubali bendera na barua ya ulinzi. Mjerumani angekuwa ngao dhidi ya Mbelgiji, na pia dhidi ya wapinzani wa ndani. Hata hivyo hakuaminiwa: alionyeshwa mtu mwingine aliyejifanya mwami.

Musinga alipokua alijifunza Kiswahili, akakisoma na kukiandika. Kwa njia hiyo aliweza kuongea na maofisa na wafanyabiashara waliotoka pwani bila kutegemea mdomo wa mkalimani. Kuanzia mwaka 1907 alielewana na Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani aliyeanzisha mji wa Kigali. Majeshi ya Wajerumani yalimsaidia kuwatiisha waasi wa kaskazini, naye akabaki kwenye kiti.

Lakini urafiki huo ulikuwa na mwisho wake. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikutana Brussels na kugawana eneo hili. Kisiwa cha Ijwi kilibaki upande wa Kongo, Bufumbira ikaenda Uganda, na mpaka ukapita kati ya Gisenyi na Goma. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Musinga alisimama na Ujerumani, akatoa vijana wa kupigana na chakula cha askari. Kapteni Wintgens alikiteka kisiwa cha Ijwi na kuilinda Gisenyi hadi Mei 1916, Wabelgiji waliposonga mbele na Wajerumani wakarudi nyuma. Gharama ililipwa na wakulima. Majeshi yalichukua chakula chao na kuwafanya vijana wapagazi, kisha njaa iliyoitwa Rumanura ikaua watu wengi kaskazini magharibi, Gisenyi ikiwamo.

Wabelgiji walimkuta Musinga kama rafiki wa adui, nao wakaanza kumpunguzia madaraka. Hata hivyo alishinda shauri moja kubwa. Gisaka, upande wa mashariki, ilipokabidhiwa Waingereza waliotaka kupitisha reli, alipinga. Wamisionari na Ubelgiji yenyewe waliunga mkono madai hayo, na kufikia mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imerudi. Alikuwa ameona kwamba bila bunduki, nguvu iliyobaki ni hoja na mtu wa kuifikisha panapoamuliwa mambo.

Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na kumpeleka Kamembe. Mwaka 1940 walimhamishia Kongo, na akafariki Moba mwaka 1944, ng'ambo ya mpaka ambao hakuulizwa juu yake.

Mwaka 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana kuiheshimu mipaka ya wakoloni ili kuepuka vita. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Nchi za Maziwa Makuu. Safari hii mpaka ulijadiliwa na wenyewe, palepale unapopita. Na Kiswahili alichojifunza Musinga ili asidanganywe ndicho kinachotumika leo kupatana bei pande zote mbili.